Pimeni Matope Kwanza, Ndipo Mtuambie Mto Umesafishwa

Juzi jioni nilikutana na mzee wa ploti yetu akisukuma wilbaro iliyojaa matope meusi ti. Yalikuwa yametoka mtoni, yale yaliyochimbwa na kurundikwa ukingoni. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Mzee, hayo unapeleka wapi?" Akacheka. "Kijana wangu, hii ni mbolea ya bure. Naenda kumwaga kwa shamba ya sukuma."

Nikakwama. Nilitaka kumwambia asithubutu. Lakini angeniuliza kwa nini, nani amesema, karatasi iko wapi. Na mimi karatasi sina. Hakuna mtu aliyewahi kubandika kwa chifu, kanisani wala kwenye ukuta wa zahanati matokeo ya kuonyesha kilichomo ndani ya matope ya Mto Nairobi hapa kwetu. Mzee akaenda na mbolea yake. Mimi nikarudi nyumbani nikaanza kuandika haya.

Makomredi, mimi ni mtoto wa Korogocho. Ukitoka kwetu unaona mto, ukivuka mto unaona jaa la Dandora. Moshi wake ndio saa yetu ya usiku. Kwa hivyo nisikize, maana hii si siasa ya kukopa kwa gazeti.

Sumu isiyonuka

Tunapoongea juu ya Mto Nairobi tunaongea juu ya harufu, rangi, chupa za plastiki na mizoga. Hivyo vinaonekana, na ndiyo maana wanasiasa wanavipenda. Unapiga picha ya kabla, unapiga picha ya baadaye, unapakia mtandaoni, kazi imeisha. Lakini kuna sumu ambayo haina rangi, haina harufu, na haipigiki picha. Inaitwa dioksini.

Dioksini haitengenezwi na mtu kwa makusudi. Inazaliwa penye moto mbaya: moto usio mkali wa kutosha, unaochoma kitu chenye klorini. Plastiki ya PVC ina klorini, na hiyo ndiyo plastiki inayofunika waya nyingi za stima. Shaba iliyo ndani ya waya, ile tunayoita kopa, inachochea dioksini izaliwe kwa wingi zaidi. Sasa fikiria vijana wanaochoma waya kando ya mto ili watoe kopa wauze kwa kilo. Fikiria jaa linalofuka moshi mchana na usiku. Ili kuiharibu dioksini kabisa unahitaji tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 850. Moto wetu wa kando ya njia hauwezi hata kukaribia hapo.

Ikishazaliwa inatua na majivu. Mvua ikinyesha inaingia mtoni. Na hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani mto utaibeba iende zake. Haiendi. Dioksini haipendi maji kabisa. Inajishika kwenye chembe za udongo na mafuta, inazama, inalala chini kwenye mashapo. Ikiwa juu ya ardhi, jua linaweza kuivunjavunja kidogo. Ikifunikwa na matope, inakaa miongo.

Kisha mafuriko yanakuja. Mto unapofura unainuka na kitanda chake, unakimwaga kwenye nyua zetu, kwenye mashamba ya nduma, kwenye kiwanja cha mpira, kwenye darasa la chekechea. Maji yanarudi mtoni, matope yanabaki. Kuku anadona hayo matope, ng'ombe anakula nyasi zilizopakwa hayo matope, mtoto anayachezea kisha anatia kidole mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayoingia kwa binadamu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Ikiingia mwilini inakaa kwenye mafuta, na inachukua kama miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu. Inaharibu kinga ya mwili, inavuruga homoni, inamgusa mtoto tumboni, na mama anaipitisha kwa maziwa yake. Ile mbaya kuliko zote, TCDD, wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliitangaza tangu 1997 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Walijua, na walijua mapema

Kuna mtu ataniambia, "Kijana, hizo ni nadharia." Wacha tuongee ushahidi basi.

Mwaka 2005 shirika la Kenya la ENVILEAD na mtandao wa kimataifa wa IPEN walichukua mayai ya kuku wa kienyeji karibu na jaa la Dandora wakayapeleka maabara. Kwa nini mayai? Kwa sababu kuku wa kienyeji anadona udongo siku nzima, na kilichomo ardhini anakiweka ndani ya yai. Matokeo: dioksini mara kadhaa juu ya kikomo ambacho Umoja wa Ulaya unaruhusu kwa yai. Yai ambalo Ulaya lingetupwa, Dandora mtoto analibeba shuleni.

Mwaka 2007 UNEP, ambao makao yao yako hapahapa Nairobi, pale Gigiri, walitoa ripoti yao juu ya jaa hili. Watoto na vijana 328 walichunguzwa. Nusu ya waliopimwa walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Hiyo ni sumu nyingine, ndiyo, lakini chanzo ni kilekile, na mto ni uleule.

Jaa lenyewe lilianza katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa limejaa. Limejaa! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima mwenye kura, na malori bado yanamwaga. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe ndani ya miezi sita. Hiyo miezi sita imekuwa miaka. Sisi tukichelewa kulipa kodi ya nyumba siku tano mlango unafungwa kwa kufuli. Serikali ikichelewa kutii mahakama, inaitwa "changamoto".

Na tusijitoe lawamani. Tangu 2001 vyama vyote vikubwa vimewahi kuketi City Hall. Waheshimiwa wa kila rangi wamekula kiapo, wamepiga picha na beleshi mkononi, wameondoka. Nikiandika kama mwanachama wa upinzani siandiki kana kwamba sisi ni malaika. Naandika kwa sababu chama ambacho hakiwezi kujiambia ukweli hakina haki ya kuomba kura Korogocho.

Midland, Michigan: somo tusilotaka kujifunza kwa gharama yetu

Kuna mto Marekani unaitwa Tittabawassee. Unapita mji wa Midland, katika jimbo la Michigan, ambako kampuni ya kemikali ya Dow ilianzishwa mwaka 1897. Kwa miongo mingi taka za kiwanda ziliingia mtoni. Dioksini na binamu zake wakajishika kwenye mashapo, wakashuka hadi Mto Saginaw na ghuba yake katika Ziwa Huron. Kila mafuriko yalipokuja, mto ulipanda ukaacha sumu kwenye bustani za watu, mashamba na viwanja vya kuchezea.

Kikomo cha jimbo hilo kwa udongo wa makazi kilikuwa sehemu 90 kwa trilioni. Mwaka 2007, chini ya Mto Saginaw, walipima sehemu moja ya mashapo wakapata milioni 1.6. Sijakosea kuandika: 90 ndicho kikomo, kilichopatikana ni milioni 1.6. Na hiyo ni Marekani, nchi yenye maabara, mawakili na magazeti. Miaka mingi ilipotea katika mabishano, na makubaliano makubwa ya usafishaji kati ya kampuni na serikali kuu yalitiwa saini 2010.

Mnataka kujua walisafisha vipi? Kwanza walipima. Walipima kitanda cha mto, wakapima kingo, wakapima nyua za watu. Kisha wakaanza juu, karibu na chanzo, wakashuka kipande baada ya kipande, kwa sababu ukisafisha chini kabla ya juu, mvua moja tu inakurudisha mwanzo. Mei 2020, kazi ikiwa bado haijaisha, mabwawa mawili ya juu yalipasuka na maji yakafagia bonde lote. Ikabidi warudi kukagua tena. Mto hausahau, na wala haukusubiri mtu.

Somo lingine linatoka mahakamani. Wakazi wa bonde lile walimshtaki mwenye kiwanda, wakaomba agharimie uchunguzi wa afya zao kwa miaka ijayo. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Michigan iliwakatalia. Sababu? Hawakuwa wameonyesha kwamba tayari wameugua. Yaani subiri saratani, ndipo uje na kesi.

Sasa sikia vizuri. Hapa kwetu sheria ni bora kuliko hiyo. Kifungu cha 42 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa au ikielekea kuvunjwa, na kinasema waziwazi kwamba huhitaji kuonyesha kwamba mtu amepata hasara au ameumia. Soma tena. Huhitaji kusubiri mtoto augue. Katiba ya 2010 ilitupa silaha ambayo watu wa Midland hawakuwa nayo, na sisi tumeiweka kabatini.

Matope yakihama, sumu inahama

Mwaka 2024 mvua za masika ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare tulizika. Serikali ikaja na tingatinga, ikasema kila mtu aondoke mita 30 kutoka mtoni. Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia. Nyumba zilivunjwa, lakini hakuna aliyekuja na kijiko na chupa ya maabara kuangalia ni matope gani yaliyoachwa kwenye ardhi ile.

Kisha Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kufufua Mto Nairobi. Takriban shilingi bilioni 50. Zaidi ya vijana 40,000 wameahidiwa kazi. Kingo zipandwe miti, njia za miguu zitengenezwe, nyumba zijengwe. Mimi sipingi vijana kupata kazi. Ndugu yangu wa kuzaliwa naye angeipata kazi hiyo ningemshikia beleshi. Ninachopinga ni kuchimba mashapo ya mto unaopita chini ya jaa la miaka hamsini bila kwanza kumwambia mchimbaji ameshika nini.

Ukichimba matope yenye dioksini ukayarundika ukingoni, hujasafisha. Umehamisha. Umeyatoa mahali yalipokuwa yamelala ukayaweka mahali pa upepo, pa kuku na pa watoto. Mvua ijayo inayarudisha mtoni. Au mzee wa ploti yetu anayabeba na wilbaro hadi kwenye sukuma, na sukuma inaenda kwa kibanda cha mama mboga, na jioni iko kwa sahani yako na ugali. Usidhani ni ya Korogocho peke yake. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inageuka Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mashapo ya bara ndiyo yanayogeuza bahari ya kule rangi ya chai. Mvuvi wa Malindi ni jirani yetu wa mtoni, ila hajui.

Majibu kwa wanaotuita wapinga maendeleo

Najua yatakayosemwa. Wacha niyajibu mapema.

Watasema, "Nyinyi upinzani mnapinga kila kitu." Sijapinga kitu. Nimesema pimeni. Mtu akikuuzia gari ukafungua boneti, hujapinga kununua gari.

Watasema, "Kupima dioksini ni ghali." Ni kweli, kipimo kimoja si bei ya chai na mandazi, kinahitaji maabara maalum. Lakini mnaongea juu ya bilioni 50. Na kutopima ni ghali zaidi: waulize watu wa Owino Uhuru kule Mombasa. Risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye damu ya watoto wao. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zikaambiwa zibebe sehemu yake kwa kulala kazini. Kesi ikapanda na kushuka hadi Mahakama ya Upeo ilipowarudishia haki yao Desemba 2024. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa! Hao ndio waliobahatika kuwa na kipimo cha damu mkononi.

Watasema, "Wenye makosa ni hao vijana wanaochoma waya. Washikwe." Hapa ndipo damu inanichemka. Hao vijana nimesoma nao. Wanavuta huo moshi kwanza kabla haujanifikia mimi. Anayechoma anapata sahani ya chakula, na mwenye ghala anayenunua kopa tayari imechomwa ndiye anayepata gari. Na msituambie biashara hiyo haidhibitiki. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu nchi nzima, kwa sababu nguzo za stima zilikuwa zimehujumiwa na nchi ikaingia gizani. Kwa hivyo uwezo upo. Ikiguswa stima, biashara inasimama kwa siku moja. Ikiguswa mapafu ya Korogocho, tunaambiwa tuvumilie.

Basi muagizeni mnunuzi asipokee waya uliochomwa. Wapeni vijana mashine za kuambua waya bila moto. Kopa isiyochomwa ni kopa safi, kijana atapata pesa yake na moshi hautakuwepo.

Tunachodai

Sisi vijana wa chama hiki tunadai mambo matano, na tutayabeba mlango kwa mlango hadi 2027 na baada yake.

Kwanza, kabla ya tingatinga lingine kugusa kitanda cha mto kati ya Korogocho na Dandora, mashapo na udongo wa kingo vipimwe dioksini na metali nzito na maabara huru, na sampuli zichukuliwe mbele ya wakazi.

Pili, matokeo yabandikwe kwa chifu, zahanati, makanisa na misikiti, kwa Kiswahili, kwa namba ambazo mama mboga anazielewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatupa haki hiyo. Si hisani.

Tatu, matope yaliyokwisha kutolewa yafunikwe na yawekewe uzio hadi yajulikane ni nini, na wanaofanya kazi mtoni wapewe gambuti, glavu, barakoa na uchunguzi wa afya.

Nne, amri ya mahakama ya 2021 itiiwe, na jaa lifungwe kwa mpango unaowapa kazi nyingine wale maelfu wanaookota taka pale. Kufunga jaa bila kuwafikiria ni kuwahamishia njaa.

Tano, uchomaji wa wazi uishe. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na mkataba huo unataja wazi uchomaji wa taka hadharani na uchomaji wa waya za shaba kama vyanzo vya dioksini. Tuliweka saini wenyewe. Hakuna aliyetushika mkono.

Na kwako wewe unayesoma haya kwa simu ndani ya matatu: kazi yako ni ndogo lakini ni yako. Andika barua ya kuomba matokeo ya vipimo. Barua ya ukurasa mmoja, jina lako, tarehe, na unachotaka kujua. Ofisi ina siku 21 za kukujibu kwa mujibu wa sheria. Wakikaa kimya, kimya chao tutakipeleka kortini chini ya Kifungu cha 70, na hatutahitaji kubeba cheti cha saratani ya mtu yeyote kama ushahidi.

Jana asubuhi nilirudi kwa yule mzee. Nilimweleza nilivyoweza, bila karatasi. Alinisikiliza, akaangalia mche wake wa sukuma, akaniambia, "Sasa kijana wangu, kama ni sumu, mbona hawajasema?"

Sikumjibu. Wajibu wao. Na wajibu kwa maandishi.